Mulango Uliofungwa wa Kavira

«Unajuwa Kavira aliuzisha moyo wa mutoto wake kwa zahabu? Njo maana ule moyo unafanya kelele.» Mama Agathe, jirani yetu, aliniambia vile tukingoja maji ku bomba.

Nilisogeza ndoo yangu mbele. Fanny, mutoto wa Kavira, nilimubeba mara nyingi. Ukiweka sikio ku kifua chake, moyo unavuma kama mutu anapuliza moto. Akinyonya kidogo anachoka, pua inatoka jasho. Na Kavira namujuwa: nilipozaa Débora wangu, ni yeye alinikanda na maji ya moto, akiniimbia vibaya mpaka nikacheka na maumivu yangu.

Bwana yake, Delphin, ananunua zahabu ya wachimbaji wa kule Bambu. Inafika ikishikana na mercure, ile zebaki ya kukamatisha zahabu, na Kavira ndiye alikuwa anaichoma ili ibaki zahabu tupu. Kwingine wanachomea inje. Lakini hapa Bunia, bunduki zinanyamaza tu, hazijaenda. Nani atawasha moto wa zahabu mbele ya macho ya watu? Kavira alifunga mulango na dirisha, akasukuma kitambaa chini ya mulango, akachoma ku mbabula, jiko ile ile ya makaa ya kupikia mboga ya sombe. Hata akiwa na mimba, tumbo ya Fanny, alichoma vile.

Nilimusindikiza na Fanny kwa muganga wa hospitali, mama mumoja mupole. Aliuliza Kavira alikuwa anafanya kazi gani na tumbo. Kavira akamueleza yote kwa furaha, kama anamufundisha. Muganga akaweka kalamu chini.

«Mama, moyo wa mutoto unajengwa mapema, mbele hata tumbo ionekane. Siwezi kuapa kama ni mercure. Batoto bengine banazaliwa hivi na hatujuwe sababu. Lakini ule moshi unaingia mu damu ya mama, unafika ku mutoto. Ukishika tumbo ingine, usikae mu nyumba yenye banachomea.»

Ku njia Kavira alimufunga Fanny vizuri ku mugongo. Kisha akasema: «Nilikuwa nafunga mulango juu ya kutuchunga.»

Tangu siku ile Delphin anachoma mwenyewe, lakini ndani. «Inje? Unataka batukate vichwa?» Si mutu mubaya. Wenye bunduki walishamuvamia mara moja, na woga haujamutoka.

Juzi nilikuwa nafua, Kavira akakaa karibu, akashika upande mwingine wa kitenge, tukakikamua pamoja.

«Mama Débora, sijaona mwezi.»

Nilitazama tumbo yake. Hakuna kitu bado.

«Delphin anajuwa?»

«Anajuwa, anafurahi sana. Na leo wachimbaji wanafika, usiku atachoma.» Akajaribu kucheka. «Weye unajuwa nakoroma.»

«Tunakusikiaka mpaka huku.»

Hakucheka tena. Alikunja kitenge changu, akakiweka ku magoti yangu.

«Basi unipatie kona ya kulala kwako, miye na Fanny. Mpaka huyu naye moyo wake ujengeke.»