Rambirambi za Anse Perdrix

Placide Mushagalusa alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Alikuwa fundi cherehani huko Doornfontein, ghorofa ya pili ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuizika. Kwa miaka ishirini na ushei alikuwa amewavisha wachungaji na wanakwaya wa Kikongo wa Johannesburg nzima. Mgongo ulimuuma, macho yalianza kukataa kutunga uzi, na kila aliyempigia simu kutoka Bukavu, alikozaliwa, alikuwa na swali moja tu: unakuja lini?

Swali hilo halikuwa la salamu. Mama yake alifariki miaka mitano iliyopita, na kilio chake kilikuwa hakijamalizwa. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza ndiye anayewavua wenzake nguo nyeusi: husimama mbele ya watu, hutaja jina la marehemu, huomba, kisha huwaambia wadogo zake basi, sasa ishini. Placide ndiye wa kwanza. Asipofika yeye, nyeusi hazivuliwi. Kwa hiyo dada yake Jocelyne alikuwa bado anatembea na nyeusi iliyopauka hadi ikawa kama majivu, na binti wa mdogo wake Elisée alikuwa na mchumba aliyeanza kununa, maana harusi haiingii katika nyumba yenye kilio.

Kila mara Placide alijibu kwamba atakuja mwakani. Kwanza ilikuwa korona. Halafu zikawa karatasi zake za ukimbizi, kwa sababu mkimbizi akirudi kwao kwa miguu yake huhesabika kwamba hakuwa akikimbia kitu, na akishatoka asitegemee kupokewa tena. Halafu vita. Sababu zote zilikuwa za kweli, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo, kwani sababu ya kweli inaegemeka vizuri kuliko ya uongo. Moyoni alijua kwamba kulikuwa na miezi ambayo njia ilikuwa wazi, na hakwenda.

Kilichomliwaza ni sauti ya mwimbaji mmoja wa Marekani, Télesphore Arceneaux. Huyu alikuwa mtu wa Louisiana, wa vijiji vile ambavyo wazee wake husema Kifaransa cha kale, na aliimba muziki wa kantri kwa Kifaransa hicho, kwa fidla na kinanda cha kukunjua. Placide alimsikia mara ya kwanza utotoni, alipokuwa akihudumia misa, katika kaseti ya padri. Kwa kuwa mjomba wake naye aliitwa Télesphore, alikaa muda mrefu akiamini kwamba mwimbaji ni Mkongo wa pande fulani zenye ng'ombe wengi. Nyimbo zake, ukizichambua, zilikuwa wimbo mmoja: niko mbali, nitarudi, mama usifunge mlango.

Othmani, fundi wa Tanga waliyekuwa wakigawana naye chumba na pasi, alizisikia nyimbo hizo hadi zikamtoka puani.

"Huyu bwana wako anafika lini?" aliuliza siku moja. "Toka nimekujua yuko njiani."

"Alishafika," Placide alijibu. "Mtu hawezi kuimba vile halafu asirudi."

Aliamini hivyo, na imani hiyo ilikuwa na kazi. Kama Télesphore alizunguka dunia miaka yote ile na mwisho akarudi kijijini kwao, basi hata fundi wa Doornfontein hajachelewa. Ilimtosha kukaa kwenye cherehani yake na kusema mwakani.

Ndipo binti yake Benita, aliyekulia Bertrams, hapo hapo Johannesburg, na kuolewa Houston, Marekani, alipompigia kusema kwamba ana mapumziko, na kwamba kijiji cha yule mwimbaji wake, Anse Perdrix, hakiko mbali sana kwa gari. Angekwenda, amwoneshe kwa simu. Placide alikubali, lakini kwa masharti. Mwimbaji alikuwa amekufa miaka mingi, na yeye hakuwahi kutoa rambirambi. Benita anunue sukari, kahawa na sabuni, na asipige picha hata moja kabla hajaingia kwa ndugu wa marehemu.

"Papa, hapa watu hawafanyagi hivyo," Benita alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Watanishangaa."

"Wakushangae ukiwa na sukari. Mkono mtupu haulambwi."

Jumamosi ya safari ya Benita, alasiri ambayo Louisiana ilikuwa bado asubuhi, Placide alizima cherehani na kuiegemeza simu kwenye pasi iliyopoa. Othmani alikuwa na mshono wa kufumua, ambao kwa kweli haukuwa na haraka yoyote, akabaki.

Anse Perdrix kilikuwa na barabara moja. Benita aliielekeza simu huku na huku: kituo cha mafuta, kinu cha mpunga kilichofungwa, kanisa, na ubao wenye picha ya Télesphore ambayo jua lilikuwa limemfuta uso, ikabaki kofia. "Ndiyo hii tu, Papa," alisema. "Eish, ni kadogo." Placide hakuona udogo. Aliona kanisa na barabara, na furaha ikampanda hadi akavuta kiti karibu. Mtu wa kituo cha mafuta alimwelekeza Benita nyuma ya kanisa, kwa dada wa mwimbaji, mwanamke mzee aitwaye Eulalie.

Walimkuta barazani. Benita alimkabidhi mfuko, akajaribu kumweleza kwa Kiingereza habari za baba yake, Johannesburg na rambirambi. Bibi yule aliutazama mfuko, akatoa sabuni, akainusa, akairudisha. Ilikuwa dhahiri kwamba anafikiri anauziwa kitu.

Placide akaona atie neno. Alimwamkia kwa Kifaransa, akamwambia, "Mama, tumekuja kukupa pole kwa ajili ya kaka yako. Tumechelewa, utusamehe."

Kisha Eulalie aliichukua simu mkononi mwa Benita na kuibandika sikioni, kwa hiyo tangu hapo Placide alizungumza na sikio na mvi chache. Othmani alicheka mpaka akaacha kufumua.

Kifaransa cha bibi kilikuwa na kutu, maana hakuwa na mtu wa kusema naye tangu mumewe alipokufa. Wakaelewana hivyo hivyo, kwa kurudiarudia. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuja kumpa pole ya Télesphore. Habari za kifo chake alizisikia redioni, kama watu wengine.

"Kaburi lake liko hapo kanisani?" Placide aliuliza.

"Haliko. Alizikwa California na watu nisiowajua. Alitoka hapa kijana, hakurudi hata mara moja. Mama alipokufa alituma wimbo."

Placide alitaka kuamini kwamba hakusikia vizuri, akamwomba arudie, naye akarudia neno kwa neno.

"Wimbo ulikuwa mzuri," Eulalie aliendelea. "Lakini mama alikuwa amemsikiliza. Kaka alisema usifunge mlango, na mama hakufunga. Baridi tumeila miaka yote, na wezi wametuingilia zaidi ya mara moja. Ningemwambia, kama angekuja, sikuhitaji arudi. Angesema tu kwamba haji. Tungefunga mlango tukalala."

Benita aliporudishiwa simu aliuliza bibi kasema nini, maana Kifaransa hakujifunza.

"Anashukuru kwa sukari," Placide alisema. "Kaa naye, unywe kahawa. Usikimbie."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Télesphore alicheza kwao kwa maneno tu, akatunzwa kwingine, na bili wakaletewa wanawake wawili wenye baridi. Placide alimsimulia Othmani yote, na kwa mara ya kwanza Othmani hakuwa na utani.

"Sisi Tanga matanga siku tatu," alisema baadaye. "Watu wanakula, mkeka unakunjwa. Mwachie mtu aendelee na shida zake."

Placide alimpigia Elisée kabla hajapata muda wa kuogopa.

"Mudogo wangu, mi sitakuya."

"Mwaka huu?"

"Huu, na ule wenye kuya. Nikitoka huku sitarudia tena, na niko nazeeka. Musiningojee. Wewe uwavue bale."

"Yaya, mutoto wa pili havuake batu," Elisée alisema taratibu, akimwita kwa neno la kwao la kaka mkubwa. "Unajua."

"Basi weka simu pa meza, uite Jocelyne na bengine. Nitawavua mimi hapa."

Akasimama, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona. Alilitaja jina la mama yake lote, la ubatizo na la kwao, akaomba, akawaambia wadogo zake waishi. Upande wa pili watu walilia, halafu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na katikati yao sauti ya Jocelyne ikakaribia.

"Nguo mupya nani atashona? Ni wewe?"

"Ni mimi. Kiuno yako naijua," Placide alisema, na akataja kipimo chake, bila kufikiri, kama anavyotaja fundi.

Jocelyne alicheka. Alicheka kwa muda, kisha kicheko kikamwishia.

"Yaya, hiyo ni ya ule musichana wenye uliacha. Mi niko na bajukuu."

Placide aliketi. Akachukua kipande cha boksi na chaki, akamwambia atafute futi ajipime, ataje polepole. Jocelyne akaanza kumtajia bega, kifua, kiuno, na Placide akaandika vipimo vya mwanamke mzee asiyemjua.