Kura za Mkono wa Kushoto

Ukiitwa kwenye semina ya kuwafundisha wanawake wa kijijini demokrasia, kula kwanza nyumbani. Soda itachelewa, mgeni rasmi atachelewa kuliko soda, na akifika ataeleza kwa saa nzima kwamba wanawake wapewe nafasi ya kusema. Nimeketi kwenye semina hizo hadi kiti kikaniachia alama. Nilikuwa mwalimu wa watu wazima katika kijiji kimoja kando ya mji mdogo wa Masafu, na mwalimu wa watu wazima huitwa kila mahali panapotakiwa watu wa kujaza viti.

Darasa langu lilikuwa kanisani, saa tisa alasiri, wanawake wakishatoka shambani na udongo bado kwenye kucha. Nilikuwa na cheti cha ualimu, sikuwa na kazi ya serikali, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko cheti. Nilijisifu kwamba namjua kila mwanafunzi kwa mwandiko wake. Nipe karatasi isiyo na jina, nitakutajia mwenyewe: huyu anakandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka, yule herufi zake zinapanda mlima, mwingine hajawahi kufunga herufi ya a tangu azaliwe.

Mmoja wao alikuwa mke mdogo wa mwenyekiti wa kijiji, Mteso kwa kabila, aliyeolewa kwetu kutoka kwao Merikit. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nilimkataza siku ya kwanza. “Mkono ambao hata chakula haupokei, ndio uandike?” nilimwambia mbele ya wenzake, wakacheka. Akahamishia kalamu kulia, na tangu hapo akaniandikia herufi kama zimechakurwa na kuku. Nilimpa alama za chini na kujiona mwalimu wa maana.

Kisha mradi fulani ukakiletea kikundi cha wanawake mashine ya kusaga muhogo na wimbi. Sharti lilikuwa moja: wachague mwenyekiti wao, naye ndiye atakayeshika ufunguo. Mke mkubwa wa mwenyekiti wa kijiji alikwisha kujihesabu mshindi. Alikuwa kiongozi wa wanawake, kiongozi wa kwaya na kiongozi wa vilio vya matanga, na sijui kama kuna kitu katika kijiji kile alichowahi kukiongoza kikaenda.

Kwetu kura za kijiji hupigwa kwa mstari. Wagombea wanasimama, nawe unajipanga nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, huku mwenyekiti amesimama pembeni na muhuri mfukoni. Bila muhuri ule huna barua ya kesi ya shamba wala barua ya kumtafutia mtoto shule. Uchaguzi uliotangulia, mjane mmoja wa kikundi alithubutu kushindana na mke mkubwa. Alisimama peke yake juani, hana mtu nyuma yake, na dada yake wa tumbo moja alikuwa kwenye mstari wa pili akitazama vidole vyake vya miguu. Afisa mmoja akapiga picha. Bila shaka picha ile iko kwenye ripoti mahali fulani, chini yake pameandikwa demokrasia ya mashinani.

Safari hii mjane yule alisimama darasani akasema, “Sasa tunajua kuandika. Basi tuandike.”

Mwenyekiti alipopelekewa habari alicheka hadi akashika mlango. Hawa? Waandike! Aliamini kalamu zingewashinda. Tukachana daftari vipande, tukatoboa katoni ya sabuni. Jina la mjane lilikuwa na herufi nne. Mke mkubwa ana majina matatu, na alisisitiza yaandikwe yote, kwa heshima. Wanawake waliandika nyuma ya madhabahu mmoja mmoja, na walichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilihesabu mbele yao wote, na mjane akashinda wazi.

Kesho yake mchana mwenyekiti wa kijiji alikuja kwangu na kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki wa dukani. Alikuwa ameziokota kura zote za mjane. Nyumbani husema Kilusamia, lugha yetu, lakini akitaka kuogopwa huingia kwenye Kiswahili, kama askari wa kizuizi cha barabarani.

“Madamu, wewe najua mukono ya kila mutu. Hapa ndani, ile ya bibi yangu mudogo iko gani?”

Nikamuuliza ya nini.

“Kama alinipinga, leo anarudi kwao Merikit. Watoto wanabaki kwangu.” Kisha akalainisha sauti. “Shule ya hapa inataka mwalimu. Ile barua inapita kwa muhuri yangu.”

Kwa miaka nimewasimulia watu yaliyofuata. Nilisimama wima, nikamwambia mwalimu hauzi wanafunzi wake, nikamwonyesha njia. Niliisimulia hata kwenye semina moja Tororo, wakanipigia makofi, na mwezeshaji akaniomba niirudie ili aiandike.

Ni uongo. Nilipanguza meza kwanza ili karatasi zisichafuke, kisha nikazimwaga. Nilizipanga vizuri, nikazitazama moja baada ya nyingine, nikitafuta zile herufi za kuku nilizozijua. Niliitaka ile kazi. Nilitaka pia, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, kuonyesha kwamba naweza.

Zote zilikuwa za kuku. Herufi zimetetemeka, zimelala, nyingine zimegeuka nyuma mbele. Sikumtambua hata mtu mmoja. Karatasi moja tu ilikuwa na mwandiko ulionyooka, mzuri kuliko wangu, na mwandiko ule sikuwahi kuuona darasani.

“Hii si ya mwanafunzi wangu,” nilisema.

“Mwalimu gani wewe, hujui watu yako?” Akakusanya karatasi zake akaondoka. Kazi ilipewa mtu mwingine. Nami, badala ya kumkasirikia yeye, niliwakasirikia wanawake walioandika ovyo wakaniaibisha. Nyani haoni kundule.

Wiki chache baadaye nilipeleka muhogo kusaga. Mjane alikuwa mlangoni, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso. Mke mdogo alikuwa anakung'uta beseni lake. Akanisogelea, mashine ikiunguruma.

“Madamu, siku ile muzee alikuja kwako, uliona yangu?”

“Nilimfukuza,” nikasema. “Sikuangalia hata moja.”

Akacheka, bila ubaya. “Muzee alituambia ulipanguza meza.”

Akanihurumia, akanieleza mwenyewe: wanawake walikutana kisimani siku mbili kabla ya kura, wakakubaliana kila mtu aandike kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyewafundisha, kwa kijiti, mchangani. Ile karatasi iliyonyooka ilikuwa yake. Mwandiko wake halisi ulikuwa mezani kwangu na sikuujua, kwa sababu nilikuwa nimeukataza.

“Mbona hamkuniambia?” niliuliza. Niliumia, nisifiche. “Ningewasaidia kumficha mwenyekiti.”

Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeshindwa na silabi nyepesi.

“Muzee hajui kusoma mukono ya mutu, madamu. Wewe ndiyo unajua. Tulikuwa tunaficha wewe.”

Akajitwika beseni, akaenda zake nyumbani kwake, walikokuwa watoto wake.

Jumatatu niliwaambia darasani kwamba kuanzia leo kila mtu aandike kwa mkono anaoutaka. Mke mdogo akahamishia kalamu kushoto. Hakuna aliyenishukuru.