Kamba ya Farasi wa Baba

Baba alikuwa saisi, mtunza farasi kwenye shamba kubwa karibu na Kitale. Shamba lilipogawanywa na kuuzwa, alipewa farasi jike mzee ambaye hakuna mnunuzi aliyemtaka. Akamleta kwetu Kibomet, akamfunga kwa kamba ndefu kwenye nyasi za kando ya barabara. Watu walitucheka: maskini na farasi wapi na wapi!

Siku moja afisa wa mifugo alisimamisha pikipiki yake. Akamweleza Baba kwamba kisheria anayemfunga mnyama ndiye anayewajibika kwa maji yake, chakula chake, kivuli, na shingo isichubuliwe na kamba.

"Hata ukiwa safarini, mzee, ni wewe."

Nilinuna. Nani wa kumfundisha Baba farasi? Mama alizoea kulalamika kwamba farasi hunywa maji kabla ya watoto, na hakuwa anatania.

Kisha shangazi, dada yake Baba aliyeolewa Kibabii, akafariki. Tulienda huko, Bungoma, sote, tukakaa hadi mazishi. Farasi aliachiwa jirani yetu, mfugaji hodari wa ng'ombe. Baba alimwonyesha jinsi ya kuhamisha kigingi na mahali pa kuweka ndoo.

"Asilale njaa," akamwambia.

Tuliporudi, jirani alikuwa amekaa kwenye nyasi. Farasi alikuwa amekufa. Alikuwa amekizunguka kigingi mpaka kamba ikaisha.

"Nilimpa mahindi, mzee," jirani alisema. "Yale ya kuvu. Si ng'ombe wangu hula, bana, na wanatoa maziwa?"

Kwetu Trans-Nzoia ndivyo tunavyofanya: mahindi mazuri huuzwa sokoni katika mji wa Kwanza, yaliyooza hupewa ng'ombe. Baba alijua tangu ujana wake kwamba kuvu huua farasi, humshika kichwa akazunguka hadi aanguke. Alilijua jambo hilo sana hata hakukumbuka kwamba kuna asiyelijua.

Nilichemka, nikaanza kumfokea jirani. Baba akanishika mkono.

"Mwache. Aliyemfunga ni mimi."

Jirani alichimba shimo palepale, akakataa kusaidiwa. Kule Kibabii Baba hakudondosha chozi. Yeye ndiye mkubwa wa familia, na macho yote yalikuwa kwake. Sasa, akiifungua ile kamba shingoni, alilia kwa sauti. Jirani akainama akazidi kuchimba, akidhani kilio chote kile ni cha farasi.