Moto Mdogo

Juzi kwa fundi niliona amplifaya kuukuu, yenye vile vioo vinavyowaka ndani kama taa, nikaona aibu upya.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja kijijini Ulemo, mjomba alicharaza gitaa lililounganishwa na amplifaya kama ile, sauti ikatoka imelegea. "Moto mdogo leo," akamlalamikia Mzee Mkumbo, mwendesha jenereta ya kijiji. Wakatoka kwenda kuiangalia.

Leo najua alimaanisha umeme. Siku ile nilikimbilia jikoni, nikachota kaa la moto kwa upawa, nikalitumbukiza ndani ya amplifaya, nyuma ya vile vioo. Kitambaa cha spika kikanuka kuungua, vioo vikapasuka.

Waliporudi walikuta masizi. Jenereta ikalaumiwa, Mzee Mkumbo akaondolewa kazini.

Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe una adabu."