Nusu Kichwa cha Mwalimu Mkuu

Kamera zilipofika shuleni kwetu, shule ya bweni ya wasichana huku Ruiri, mwalimu mkuu alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Moja ilifungwa langoni, moja jikoni. Ya mwisho akataka ifungwe nyuma ya bafu, penye kamba za nguo. Hapo nikakataa.

Mimi ni mwalimu wa ushauri, mzaliwa wa Embu, na mdomo wangu hauna breki. "Madam, pale ndipo wasichana husukana Jumamosi," nikamwambia. "Mtoto akisukwa husema mambo ambayo ofisini kwangu hasemi hata nikimpa chai. Ukiweka kamera watanyamaza."

"Na nikipoteza mtoto wa mtu, mwalimu, nimwambie mzazi tulikuwa tunasuka?"

Muhula uliopita wasichana wawili walitoroka kwenda disko sokoni, na tangu hapo mama wa watu halali vizuri. Alinunua kufuli kubwa, akaamuru mlango wa nyuma wa bweni ufungwe kila jioni.

Nikamtazama nywele. Zilikuwa zimesimama wima. "Kinyozi hajinyoi, madam. Njoo usukwe Jumamosi, halafu uamue."

Haki ya Mungu, sikudhani angekuja. Alikuja na leso yake, akaketi chini, akainamisha kichwa mbele ya msichana wa kidato cha tatu, mnene, mcheshi, fundi wa matuta. Mwanzoni wote walikuwa kimya kama kanisani. Lakini anayesukwa huwezi kumwona macho, na baada ya mistari michache walimsahau. Wakateta maharagwe, wakateta Kimeru changu chenye lafudhi ya Embu, wakanicheka nami nikiwa papo hapo. Washenzi kabisa!

Kisha mmoja aliyekuwa akianika soksi akasema bweni lilinuka waya ulioungua juzi.

"Sisi wa kona ya nyuma tulishapanga," akasema fundi, vidole vikienda. "Moto ukitokea, tunawapitisha wadogo kwenye kidirisha cha choo. Sisi wanene hatutoshei, na mlango una kufuli. Tutabaki tukiimba."

Wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisimama, kitana kikining'inia, upande mmoja matuta, upande mwingine msitu, akavuka uwanja wote hivyo hivyo. Mpishi aliachia mwiko. Sisi tulibaki tukitazamana, na fundi akaanza kulia akisema ameshafukuzwa shule.

Mwalimu mkuu alirudi na kufuli mkononi, akaiweka kwenye nyasi.

"Fundi wa umeme anakuja leo," akaniambia. "Na ile kamera ikaangalie mlango wa nyuma. Mlango wenyewe utakuwa na komeo la ndani tu."

Nilitaka kumkumbatia, nikaona aibu.

Akaketi tena, akamgeukia msichana. "Ulisema mngebaki mkiimba. Mngeimba nini?"

Msichana akajifuta kamasi. "Hatukuwa tumekubaliana, madam. Wengine walitaka pambio, wengine wimbo wa harusi."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea. Akayafuta kwa leso, akainamisha kichwa.

"Malizia huku," akasema. "Na usinivute sana."