Lori la Wandera na Mabano Yaliyokatazwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha saruji cha Tororo, Uganda, Mhandisi Mkuu alinipokea mlangoni mwa chumba cha kompyuta akaniambia nivue viatu, mashine haipendi vumbi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya hisabati, tai shingoni, na soksi yenye tundu. Niliingia hivyo hivyo. Kompyuta ilikuwa na ukubwa wa makabati mawili ya nguo na tabia ya karani anayeogopa lawama: ilifanya ulichoandika, si ulichokusudia. Programu tuliitoboa kwenye kadi ngumu, mstari mmoja kadi moja.

Mhandisi Mkuu ndiye aliyenifundisha jambo ambalo ninyi vijana mnalipita mbio. Kompyuta ikikuta hesabu yenye alama kadhaa haiisomi kama gazeti. Kwanza hutafuta mabano na kufanya yaliyo ndani yake. Kisha huzidisha na kugawanya. Kujumlisha na kutoa husubiri. Alama zenye cheo sawa ndizo huchukuliwa kutoka kushoto kwenda kulia: kumi toa tatu jumlisha mbili ni tisa, na aliyekariri MAGAZIJUTO shuleni, akajumlisha kwanza akapata tano, asiilaumu mashine.

"Ukiwa na shaka, weka mabano," aliniambia. "Hayali chakula."

Halafu wanajeshi wakashika kila kitu, hata sisi. Mhandisi Mkuu aliondoka na sanduku moja. Nafasi yake ilichukuliwa na Kapteni, ambaye hakuvua buti.

Saruji ilikuwa adimu wakati huo, na watu waliivusha mpaka wa Busia kuingia Kenya kwa magendo. Kapteni aliamua kwamba kompyuta itahesabu mifuko iliyomo katika kila lori kwa kutumia uzito tu. Lori lipimwe Busia, namba zipelekwe Tororo kwa simu, jibu lirudi. Alinisomea kanuni yake akiwa amesimama.

"Andika. Uzito ya lori na mzigo, toa uzito ya lori tupu, gawa na uzito ya mfuko moja."

"Afande, hapo tuweke mabano ili kutoa kutangulie."

"Mimi nasema mabano?"

"Hapana, afande."

"Basi! Wasomi iliyokuwa hapa naongeza alama, naongeza alama, saruji nakwisha."

Alichomoa kalkuleta yake mfukoni, akabonyeza kama alivyotamka, akapata jibu sahihi. Bila shaka alipata. Kalkuleta ile ilifuata vidole vyake, kitufe baada ya kitufe, haikujua vyeo vya alama. "Unaona? Mabano iko wapi?" Nilimweleza tena. Akashika mkanda wa bastola, nami nikatoboa kadi kama alivyosema.

Lori la kwanza lilikuwa la Wandera, dereva wa Busia niliyemfahamu kwa utani wake. Likiwa na mzigo lilikuwa kilo elfu kumi na mbili, tupu elfu saba, na mfuko ni kilo hamsini. Ukitoa kwanza unabaki na elfu tano, ukigawanya unapata mifuko mia moja, kama alivyopakiwa. Kompyuta iligawanya kwanza: elfu saba kwa hamsini, mia moja na arobaini. Ndipo ikatoa, elfu kumi na mbili toa mia moja na arobaini.

Kapteni alinichukua hadi Busia kwenda kushuhudia ushindi wetu. Wandera alikuwa amekalishwa chini kando ya mizani, mikono imefungwa.

"Mifuko elfu kumi na moja na mia nane na sitini," Kapteni alimwambia. "Hapa iko mia moja. Ingine iko wapi?"

"Afande, lori ndilo hili. Ningeipanga wapi?"

"Umevusha Kenya!"

"Kwa safari moja, afande? Kenya yenyewe ingeinama."

Alipigwa kofi. Kisha Kapteni akaagiza gari la kambi lije limchukue. Waliochukuliwa na gari lile hatukuwaona tena.

"Afande," nikasema, "jaribu kalkuleta yako."

Akajaribu. Mia moja. Aliitazama, akairudisha mfukoni. "Hii iko ndogo. Kompyuta iko kubwa. Nani anasikilizwa?"

Nikaona nitumie lugha yake.

"Afande, ni tatizo la vyeo. Ndani ya kompyuta kugawanya ni sajini, kutoa ni kuruta. Wewe umeamuru kuruta aanze. Sajini amekataa, akaanza yeye."

"Amekataa amri yangu?"

"Amekataa, afande."

"Na juu ya sajini iko nani?"

"Mabano. Mabano ni kama wewe. Aliye ndani yake anatangulia, hata awe kuruta."

Alitazama barabara, ambako gari la kambi lilikuwa limeanza kuonekana.

"Weka mimi," akasema.

Nilipiga simu Tororo, mwenzangu akatoboa kadi upya. Jibu likarudi: mia moja. Gari liligeuza tupu. Wandera alifunguliwa, akapanda lorini, akawasha injini.

"Bwana Kompyuta," aliniita dirishani, "mifuko elfu kumi na moja! Mngeniachia hata miwili nipige sakafu."

Kapteni alinogewa. Mpaka anahamishwa tulizungushia mabano kila kitu, hata namba iliyosimama peke yake. Baadaye nilitumikia Meneja, kisha Mkurugenzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini programu zangu zilivimba.

Sasa nimestaafu, na vijana wa chuo kikuu cha Busitema huniletea programu zao niziangalie. Nikiongeza mabano hucheka. "Mzee, haya hayahitajiki. Mashine inajua."

Wanasema kweli, na ndiyo maana wananichosha. Mashine ilijua siku ile pia. Kwa kanuni zake haikukosea hata kidogo, muda wote Wandera alipokuwa amekaa chini akisikiliza kama gari linakuja.

Naweka mabano.