Mama Ratiba Apumzisha Macho

Mama Ratiba, fundi wa maabara ya shule, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuamini kwamba duniani kuna mtu mwingine anayejua kazi. Programu ya kupanga ratiba za vipindi aliitunga mwenyewe, pale pale kwenye meza ya kulia chakula, akaiweka mtandaoni bure, yeyote aitumie na kutuma marekebisho. Shule ambazo hata hajawahi kuzisikia zikaitegemea. Lawama nazo zikamjia yeye, tena bila salamu.

"Sina msaidizi hata mmoja!" alilalamika kila jioni.

Uongo mtupu! Msaidizi alikuwepo, mwalimu wa hesabu anayeishi mbali, hawajawahi kuonana. Kila alipotuma rekebisho, Mama Ratiba alimshukuru vizuri, akalifuta, akaliandika upya mwenyewe. Mumewe, fundi cherehani, alicheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni.

"Huyo mume mwenzangu, hiyo programu yako," alisema, "atakumaliza."

Halafu jicho la Mama Ratiba likaugua, likafanyiwa upasuaji. Daktari hakumung'unya maneno: kompyuta marufuku mpaka lipone. Wee! Na muhula ndio huo unaanza! Programu ikikwama sasa, shule zitaikimbia, na kazi ya miaka yote itakufa hivi hivi. Shingo upande, akampa mwalimu neno la siri, pamoja na maonyo tele.

Aliporuhusiwa, alikikimbilia kiti chake akitarajia msiba. Msiba uko wapi! Ratiba zinapangika, lawama zimejibiwa, wachangiaji wapya wa marekebisho wanapishana, na mwalimu ameweka utaratibu kwamba kila rekebisho lipitiwe kwanza na mtu mwingine. Hakuna aliyemuulizia. Iliuma, tusidanganyane. Alilia, na daktari alikuwa amemkataza hilo pia.

"Si ulitaka msaidizi, mke wangu?" mumewe akauliza, safari hii kwa upole.

Mama Ratiba akajipangusa. Akatafuta kosa dogo, akalirekebisha, akalituma kwa njia wanayopita wengine. Yeye hakuwahi kuipita hata siku moja. Mwenye nyumba apige hodi ya nini? Papo hapo ukaja ujumbe ambao mwalimu aliupanga ujitume wenyewe kwa kila mgeni: "Karibu sana! Huu ni mchango wako wa kwanza. Tafadhali subiri, kuna mtu ataupitia."

Akausoma mara mbili, akaguna, akacheka peke yake. Kisha akakunja mikono, akasubiri.